Wosia Ulio Ndani ya Simu

Maelezo yaliyotolewa katika kikao cha mafunzo kwa watumiaji wa huduma za kielektroniki



Mada niliyopewa ni ya wosia, na ninafahamu kwamba katika nyumba nyingi za kwetu neno hili halitajwi bila watu kukohoa na kutazamana. Mtoto anayemuuliza baba yake kuhusu wosia huonekana ameanza kupiga hesabu za mazishi. Ninaomba basi ruhusa yenu nilizungumze jambo hili kama tunavyoizungumzia huduma nyingine yoyote anayouziwa mwananchi, kwa kuwa siku hizi wosia nao huuzwa. Zipo programu za simu na tovuti zinazomwahidi mtu kwamba kwa ada kidogo ataandika wosia wake, atautia sahihi kwa kidole juu ya kioo, na shughuli itakuwa imekwisha. Wapo pia wengi wasiolipa chochote: huandika matakwa yao kwenye simu, au hurekodi ujumbe wa sauti na kuutuma katika kundi la familia, wakaamini kwamba wameyaweka mambo yao sawa.

Swali linalotufikia ni hili: je, sheria ya Kenya inautambua wosia wa namna hiyo? Jibu ni hapana. Ningeweza kuishia hapo na kuwaachia nafasi ya chai. Lakini jibu hilo lina vyumba vya ndani, na baadhi ya vyumba hivyo vina manufaa makubwa kwa mtu aliyekwisha kufiwa na hana kingine mkononi ila simu ya marehemu.

Tuanze na lililo la kushangaza. Sheria zetu hazina uadui na mambo ya kielektroniki. Tangu marekebisho ya mwaka 2009, Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inasema katika kifungu cha 83G kwamba pale ambapo sheria inataka jambo liwe katika maandishi, maandishi ya kielektroniki yanatosha, mradi yaweze kufikiwa na kusomwa baadaye. Kifungu cha 83P kinaifanyia sahihi vivyo hivyo: sahihi ya kielektroniki ya kiwango cha juu, yaani ile iliyofungamanishwa na mwenyewe kwa namna ambayo hati ikiguswa baadaye itajulikana, hupewa nguvu ya sahihi ya wino. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria kadhaa za biashara ili kuipa sahihi ya namna hiyo nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2021 serikali ikazindua Ardhisasa, na shughuli za ardhi ambazo zamani zilimlazimu mtu kupanga foleni tangu alfajiri zikaanza kufanyiwa mtandaoni.

Hata hivyo, kabla ya kuvifikia vifungu hivyo vya ukarimu kuna kifungu cha 83B, ambacho wachache hukisoma. Hicho kinataja mambo ambayo ukarimu huo hauyahusu, na la kwanza kutajwa ni kutungwa na kutekelezwa kwa wosia. Kwa maneno mengine, Bunge lilipoufungulia ulimwengu wa kielektroniki mlango, liliusimamisha wosia nje kwa makusudi.

Wapo wanaosema kwamba huo ni uzembe wa watunga sheria wa zamani. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mkataba una watu wawili walio hai. Mmoja akidai kwamba hakutia sahihi, anaitwa, anaulizwa, anajibu. Wosia hauanzi kufanya kazi mpaka mwenyewe awe hayupo tena wa kuulizwa. Sahihi ya kielektroniki ina uwezo mkubwa wa kuthibitisha kwamba ufunguo fulani wa siri ulitumika saa fulani. Haina uwezo wa kutueleza ni nani aliyeushika ufunguo huo, wala kama mwenye nao alikuwa na akili timamu, wala kama kulikuwa na mtu nyuma yake akimnong'oneza. Tukumbuke kwamba simu nyingi hufunguka kwa alama ya kidole, na kidole cha mgonjwa aliyelala ni kile kile cha mgonjwa aliye macho. Mashahidi wawili waliosimama kando ya kitanda hufanya kazi ambayo bado hakuna mashine tuliyoikubali iifanye badala yao.

Sasa tuitazame sheria yenyewe ya urithi, Sura ya 160. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuacha wosia wa maandishi au wa mdomo. Wosia wa maandishi unahitaji mambo yaliyoelezwa katika kifungu cha 11. Mwenye wosia atie sahihi au alama yake, au mtu mwingine amtilie sahihi mbele yake na kwa maagizo yake. Sahihi iwe mahali panapoonyesha kwamba ilikusudiwa kuyapa nguvu maandishi hayo. Kisha wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Kila mmoja awe ameona sahihi ikitiwa, au mwenye wosia amkirie yeye binafsi kwamba sahihi ile ni yake. Na kila shahidi atie sahihi mbele ya mwenye wosia. Si lazima mashahidi wote wawe chumbani kwa wakati mmoja. Jambo hilo la mwisho wengi hawalijui, na huahirisha wosia miezi kadhaa wakingoja siku ambayo rafiki wawili watapata nafasi kwa pamoja.

Mtaona kwamba sheria haijasema wosia uandikwe kwa mkono, wala uandikwe na wakili, wala upigwe muhuri. Unaweza kuuandika kwenye simu yako ukiwa ndani ya matatu. Kinachoufanya wosia ni kile kinachofuata baada ya kuchapishwa: karatasi, kalamu, na watu wawili.

Ili tuelewane, tuseme kuna mwanamke mmoja mwenye duka la nguo Eldoret. Hajaolewa, hana mtoto wa kumzaa, wazazi wake wote wawili wamekwisha kufariki. Amemlea binti wa dada yake tangu akiwa na miaka 4, akamsomesha hadi chuo, na binti huyo sasa ana kazi yake. Jioni moja mwanamke huyu, akiwa peke yake nyumbani, anarekodi ujumbe wa sauti wa dakika tatu akisema kwamba ploti yake na bidhaa za duka ni za binti huyo. Anautuma katika kundi la familia lenye watu 14. Wote wanausikia. Wengine wanajibu kwa alama ya moyo. Miaka miwili baadaye anafariki dunia.

Katika kikao cha familia, ndugu wanasema: sauti tunaitambua, ni yake. Na huenda wote ni waaminifu. Hata hivyo mbele ya sheria mwanamke huyu amekufa bila wosia, na mali yake itagawanywa kwa kanuni za asiyeacha wosia. Kwa kuwa hana mume, watoto wala wazazi, mali itawaendea ndugu zake. Binti aliyelelewa hayumo katika mstari huo maadamu mama yake yu hai. Mtu atauliza kuhusu wategemezi. Ni kweli kwamba vifungu vya 26 na 29 vinamruhusu mtu aliyelelewa kama mtoto wa nyumba kuiomba mahakama imtengee fungu, ila yeye sharti awe alikuwa akitunzwa na marehemu muda mfupi kabla ya kifo. Binti wetu anajitegemea. Alifaulu maisha, na kufaulu huko ndiko kunakomwondolea haki ya kuomba. Asipokuwa na bahati ya kuwa na wajomba wenye utu, ataondoka na sauti tu.

Je, ujumbe ule haukuwa wosia wa mdomo? Hapa ndipo pahitajipo utulivu. Kifungu cha 9 kinakubali wosia wa mdomo kwa masharti mawili: usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afariki ndani ya miezi mitatu tangu siku aliyousema. Wanajeshi na mabaharia walio katika utumishi wa vita wana nafuu yao katika hiyo miezi, nasi hatuwahusu. Mwanamke wetu alianguka katika masharti yote mawili. Aliishi miaka miwili. Na alipokuwa akisema, hapakuwa na mtu mbele yake. Palikuwa na simu. Watu 14 walisikia baadaye, kila mmoja mahali pake, na kusikia baadaye si kushuhudia.

Tugeuze kisa kidogo. Mwanamke huyo huyo yuko hospitalini, hali si nzuri. Majirani wawili wamekuja kumjulia hali, naye anawaambia mbele ya macho yao: ploti na duka ni vya binti yangu. Jirani mmoja anawasha simu na kurekodi. Wiki tatu baadaye mgonjwa anafariki. Huo unaweza kukubalika kuwa wosia halali wa mdomo, na uhalali wake unatoka kwa majirani, wala hautoki kwa simu. Kazi ya simu ni kulinda kumbukumbu. Na kazi hiyo si ndogo, maana kifungu cha 10 kinasema mashahidi wakipingana kuhusu alichosema marehemu, yatakubalika yale tu yaliyothibitishwa na shahidi huru, yaani asiyefaidi kitu katika wosia huo wala mume au mkewe hafaidi. Rekodi ya sauti au ya picha yaweza kuwanyamazisha wabishi kabla ubishi haujaota mizizi.

Kwa sababu hiyo, mkijikuta na rekodi ya namna hii, nawaomba sana muitunze ilivyo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inakubali ushahidi wa kielektroniki katika kifungu cha 78A, na kifungu cha 106B kinataka pamoja nao hati inayoeleza rekodi ilivyopatikana na chombo kilichotumika, ikitiwa sahihi na mtu anayehusika na chombo hicho. Basi msiikate rekodi ili kuondoa kikohozi cha mgonjwa au sauti ya redio ya jirani. Kikohozi hicho ni sehemu ya ukweli. Msiitegemee nakala iliyopita katika simu za watu watano, na simu iliyorekodi isiuzwe wala isifutwe hadi mirathi ikamilike.

Wosia wa mdomo una udhaifu mwingine ambao huwavunja watu moyo. Hauwezi kupingana na wosia wa maandishi ambao haujabatilishwa. Mzee aliyeandika wosia halali mwaka 2010, akagombana na aliowataja, kisha akatamka maneno mapya kitandani, maneno hayo mapya yataanguka kila yanapogongana na karatasi ile ya zamani. Na karatasi hiyo haibatilishwi kwa ujumbe wa simu. Inabatilishwa kwa wosia mwingine ulioandikwa kisheria, au kwa kuchomwa, kuchanwa au kuharibiwa na mwenyewe kwa nia ya kuibatilisha. Kuolewa au kuoa nako kwa kawaida huubatilisha wosia uliotangulia ndoa, isipokuwa uliandikwa ukiitarajia ndoa hiyo.

Neno hilo la kuchana linanifikirisha. Karatasi moja ya asili ikichanwa, imechanika. Faili ikifutwa kwenye simu, yaweza kuwa bado iko kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwenye barua pepe ya wakili na kwenye kompyuta ya saiba mlikoichapisha. Ipi ni ya asili? Ipi imefutwa kwa nia, na ipi imesahaulika? Watunga sheria watakaouleta wosia wa kielektroniki hapa kwetu, nami ninaamini siku hiyo itafika, watapaswa kutoa jibu la swali hilo kabla ya kujishughulisha na kalamu za kioo.

Wengine wamejaribu kulijibu. Jimbo la Nevada nchini Marekani lilikuwa la kwanza huko kutunga sheria ya wosia wa kielektroniki, mwaka 2001, na mwaka 2019 ikatolewa sheria ya mfano ambayo majimbo mengine yanaweza kuichukua. Uingereza, ambako sheria ya wosia ni ya mwaka 1837, iliruhusu kwa muda mashahidi kushuhudia kwa njia ya video wakati wa janga la korona, ruhusa iliyokoma Januari 2024. Na mwaka 2025 Tume ya Sheria ya Uingereza na Wales ikapendekeza wosia wa kielektroniki utambuliwe kwa masharti.

Lakini mfano unaotufaa zaidi uko karibu, Afrika Kusini. Sheria yao ya shughuli za kielektroniki ya mwaka 2002 iliuacha wosia nje kama yetu ilivyofanya. Tofauti iko kwingine. Sheria yao ya wosia, ya mwaka 1953, iliongezewa baadaye kifungu kinachoiagiza mahakama kuikubali hati iliyoandaliwa na marehemu hata kama imepungukiwa na masharti, maadamu mahakama imeridhika kwamba alikusudia iwe wosia wake. Kwa mlango huo mdogo, mwaka 2002 mahakama ya huko ilikubali wosia uliokuwa ndani ya kompyuta ya kazini ya mtu aliyejiua; alikuwa ameacha karatasi yenye mwandiko wake ikielekeza faili iliko. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikakubali rasimu iliyotumwa kwa barua pepe kwa rafiki, isiyo na sahihi hata moja. Katika jimbo la Queensland, Australia, lenye kifungu kinachofanana na hicho, mahakama ilikubali mwaka 2017 ujumbe wa simu ambao haukuwahi kutumwa. Ulikutwa kwenye simu karibu na mwili wa marehemu, ukitaja nyumba, ukitaja zilipo pesa, ukimalizia kwa maneno ya kuonyesha kwamba huo ndio wosia.

Visa hivi husambazwa mitandaoni, na Mkenya akivisoma hudhani vinamhusu. Havimhusu. Sheria yetu ya urithi haina mlango huo mdogo. Kwetu, wosia wa maandishi uliokosa mashahidi wawili umekosa uhai, hata kama kila mtu ukumbini anajua kwamba marehemu aliukusudia. Kwa maoni yangu, ikiwa Bunge lingetaka kuwasaidia wananchi mapema, lingeanza na kifungu cha namna hiyo kabla ya kununua mitambo ya aina yoyote, kwa kuwa kingemwokoa pia mwenye karatasi iliyosainiwa na shahidi mmoja badala ya wawili. Na hata hivyo tusisahau kwamba kila mmoja wa hao niliowataja, wosia wake ulipita kwanza mikononi mwa mawakili na majaji. Walioomba walishinda, baada ya kugombana mbele ya watu na kulipa gharama zake.

Jambo moja zaidi kwa wenye jamaa ng'ambo, maana najua wamo humu wenye watoto Doha, Riyadh na Marekani. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Urithi kinasema wosia utachukuliwa kuwa umetekelezwa ipasavyo ukifuata sheria ya nchi ulikotekelezwa, au mali ilipo, au makazi ya kudumu ya mwenye wosia, au ya uraia wake. Sentensi hiyo iliandikwa zama za karatasi. Leo inamaanisha kwamba Mkenya anayeishi Nevada na kutekeleza huko wosia wa kielektroniki unaokubalika huko ana hoja nzuri ya kuuleta hapa, ilhali ndugu yake wa Nakuru hawezi kuufanya wa aina hiyo. Simwambii mtu yeyote auchukue mwanya huo na kuulalia usingizi. Aliye ng'ambo atatumia karatasi na mashahidi wawili kwa gharama ndogo kuliko kesi. Na kumshuhudia mtu kwa simu ya video, yeye akiwa Doha na shahidi akiwa Kakamega, msikufanye: sheria inasema mbele ya mwenye wosia, na hatuna kanuni iliyosema kwamba kioo cha simu ni mbele yake. Huko huko Doha kuna Wakenya wenzake wawili wanaoweza kumshuhudia.

Ndugu zetu Waislamu nao wana njia yao. Sheria ya Urithi haitawali wosia wao wala mirathi yao. Hizo hufuata sheria ya Kiislamu, pamoja na kikomo kinachojulikana cha thuluthi, na mambo hayo huamuliwa katika mahakama za Kadhi pale wahusika wanapokubali mamlaka yake. Mwenye swali la simu na wosia amwendee Kadhi, asijitegemee kwa niliyoyasema hapa.

Sasa, kuhusu hizo programu na tovuti. Sisemi kwamba hazifai. Kielelezo kizuri cha wosia chaweza kumkumbusha mtu mambo ambayo asingeyakumbuka: nani awe wasii, yaani msimamizi wa kuutekeleza wosia; nani awalee watoto wadogo; itakuwaje mrithi akimtangulia. Muulizeni mwenye huduma maswali machache kabla ya kulipa. Je, huduma yako inaishia kwenye karatasi ya kutiwa sahihi kwa wino, au unaniambia kubofya kunatosha? Akisema kunatosha, ondokeni. Je, unachotunza ni nakala au wosia wenyewe? Kampuni ikifungwa, nitaupata wapi? Wosia huandikwa leo ukasomwa baada ya miaka 30, na ni programu chache za simu zilizowahi kuishi hivyo.

Mkishauchapisha, usomeni wote kabla ya kutia sahihi. Tieni tarehe. Kila ukurasa uwe na nambari na herufi za jina la mwenye wosia, ili ukurasa mmoja usibadilishwe kimyakimya. Mashahidi waandike majina kamili na nambari zao za kitambulisho. Sheria haitaki haya yote, ila yatawarahisishia kazi watakaotafuta mashahidi hao miaka mingi baadaye. Muhimu kuliko yote, shahidi asiwe mrithi wala mume au mke wa mrithi. Akiwa mrithi, wosia hauanguki, lakini fungu lake yeye linabatilika, isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili walio huru. Nimewahi kuulizwa na mama mmoja kama bintiye mkubwa anaweza kuwa shahidi kwa kuwa ndiye anayeaminika zaidi nyumbani. Mtu unayemwamini zaidi ndiye kwa kawaida unayemwachia kitu; basi tafuteni jirani.

Mkitaka kurekebisha baadaye, msikwangue neno na kuandika jingine juu yake. Rekebisho halina nguvu mpaka litiwe sahihi na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Ni rahisi zaidi kuchapisha upya.

Baada ya hapo simu inarudi kuwa na kazi nzuri. Upigeni wosia picha, kila ukurasa, na kuitunza picha hiyo. Sheria inaruhusu, pale wosia wa asili ulipopotea baada ya kifo, au ulipoharibiwa kwa ajali au hila ya mtu mwingine, nakala iliyohifadhiwa ithibitishwe mahakamani hadi ule wa asili upatikane. Katika nchi ambayo nyumba huungua na mito huvunja kingo, picha hiyo yaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki.

Kuna mali ambayo wosia haifiki vizuri. Akiba ya sacco na mafao ya uzeeni hufuata mara nyingi jina uliloliandika kwenye fomu ya mteule. Wengi walijaza fomu hiyo wakiwa na miaka 22 wakamtaja mzazi, na leo wana mke na watoto watatu. Fomu hiyo ikaguliwe mwezi huu.

Kwa upande wa M-Pesa, benki na akaunti za mtandaoni, andikeni orodha ya mahali mali zilipo: benki fulani tawi fulani, nambari ya simu fulani. Msiandike nambari za siri ndani ya wosia, kwa kuwa wosia ukishawasilishwa mahakamani husomwa na macho mengi. Na mfiwa asiitumie nambari ya siri ya marehemu kutoa pesa, hata kama ni za kununulia jeneza. Kifungu cha 45 kinakataza mtu kuigusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mali isipotajwa popote, hatimaye huhamishiwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Huko haipotei, ila itamlazimu mtu ajue kwamba ipo ndipo aende kuidai.

Mwisho ni mahali pa kuiweka karatasi. Kwa wakili, kwenye sanduku la benki, au kwenye kabati lenye kufuli nyumbani, pote panafaa. Wasii aambiwe pale ilipo, kwa mdomo au hata kwa ujumbe wa simu. Ujumbe huo hauhitaji shahidi.

Naona mikono imekwisha kuinuka kule nyuma. Tuanze na mzee aliyevaa kofia.